Bata wa Mama Mkwe

Panya ndiye aliyeanza. Masika ilipokolea hapa Tabata, akaona nje hakukaliki, akahamia stoo kwetu bila kodi wala barua ya mjumbe. Mke wangu hakupiga kelele. Katika miaka kumi na sita ya ndoa sijamsikia akipaza sauti. Yeye huuliza maswali, ndiyo maana mimi na wanawe tunamwita Mheshimiwa Jaji, akiwa hayupo. Aliniita mlangoni mwa stoo akaniuliza matatu. Hivi vitu ni vya nani? Mara ya mwisho vimetumika lini? Gari la taka linapita siku gani? Wewe uliyeoa unanielewa. Hayo si maswali hayo, ni hukumu iliyosomwa kwa upole.

Nikaingia na tochi. Nikakuta feni lenye panga mbili kati ya tatu, makopo ya rangi iliyokauka tangu tupake sebule, kigari cha kusukumia mtoto ambaye sasa ananikaribia kimo, na chini kabisa boksi lililofungwa kamba ya katani. Nililijua kabla sijalifungua. Gemu yangu.

Kama ulikulia Dar miaka ya tisini, umeshaiona. Boksi la plastiki nyeusi, pedi mbili za kuchezea, bunduki moja, na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999. Ukizihesabu kwa uaminifu ni saba. Zilizobaki ni zile zile zimebadilishiwa majina: huku Mario anaanza mawinguni, kule Mario anaanza ndani ya maji, kule tena Mario ni yule yule ila kofia imebadilika rangi. Baba mdogo aliileta kutoka Dubai mwaka 1996, na kwa miezi kadhaa mimi nilikuwa mtu mkubwa Magomeni kuliko diwani. Watoto walilipa shilingi hamsini wacheze maisha matatu. Wasiokuwa na hamsini walilipa kwa maembe, au kwa kunifanyia hesabu za shule, jambo ambalo Jaji anasema athari zake anaziona mpaka leo kila mwisho wa mwezi.

Wakati ule hatukujua ile ni nini hasa. Tuliita gemu, basi. Nimekuja kujua utu uzima kwamba nje ilivaa nguo za watu wengine, lakini ndani yake ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo walianza kuiuza Japani tarehe 15 Julai 1983. Wataiwani na Wachina waliinakili mpaka ikafika kila pembe ya dunia ambako mwenye mali hakuwahi kufungua duka. Warusi wana yao, Wapoland wana yao, na sisi wa Magomeni tulikuwa na yetu, mwenye mali akiwa mimi.

"Baba Nasri, hiyo nayo?" Jaji akauliza.

"Hii ni ya watoto."

"Watoto gani?"

"Itawatoa kwenye simu."

Akaniangalia kwa muda. Halafu akasema Jumapili. Ikifika Jumapili haijawaka, iondoke na panya.

Sasa ngoja nikutajie watu wa nyumba hii, maana bila wao hasara ingekuwa ndogo. Nasri ana miaka kumi na minne na jina lake la nyumbani ni Profesa. Hakuna unachoweza kumwambia ambacho hajakiona kwenye simu, kikiwa kimesahihishwa. Sabra ana miaka sita, naye ni Redio Mbao: siri ukimpa asubuhi, mchana iko kwa jirani, jioni imerudi kwako ikiwa na nyongeza. Kuna shemeji yangu, mdogo wake Jaji, ambaye alikuja kutusalimia mwaka juzi na salamu bado hazijaisha. Huyo ni Shemeji Fyuzi. Jina alilipata siku fyuzi ya jiko la umeme ilipoungua akaweka msumari badala yake. Jiko likawaka vizuri sana. Kilichoungua ni ukuta.

Halafu kuna Mama Mkwe. Alikuwa ametoka Muheza na gunia la machungwa, amekuja kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Ana mwendo wa ukaguzi: anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anapita jikoni, anafunua masufuria, anagusa ukingo wa sinki kwa kidole na kukitazama. Mimi na Shemeji Fyuzi tunamwita Brigedia, tena kwa kunong'ona, tukiwa barazani, mlango umefungwa.

Ijumaa jioni tukaanza kazi. Adapta ya gemu haikuwepo, imepotea katika moja ya zile kuhama nyumba ambazo kila mara hupoteza kitu cha baba na hazijawahi kupoteza hata sahani moja ya mama. Mashine inataka volti 9. Shemeji Fyuzi akaleta adapta ya king'amuzi, volti 12.

"Shemeji, hii si sawa," nikamwambia.

"Umeme ni umeme, shemeji. Ukishaingia ndani unajitafutia njia."

Na kweli taa nyekundu ikawaka. Tukapeana mikono. Dakika tano baadaye ikazima. Tukakaa, tukanywa chai, ikawaka yenyewe. Ikazima tena. Shemeji akaanza kutazama pembe za dari, akaniuliza kama ile mashine niliwahi kuiazima kwa mtu. Harufu ilipoanza, Sabra akatangaza kutoka sebuleni kwa sauti inayofika mtaa wa pili: "Mama! Baba na mjomba wanachoma kitu na wamefunga mlango!"

Hapakuwa na jini. Nilipofungua skrubu tano za chini nikakuta kidude cheusi chenye miguu mitatu, kimeandikwa 7805, kimefungwa kwenye kipande cha bati. Kazi yake ni kupokea umeme unaoingia na kuutoa ukiwa volti 5, ndio unaoliwa na mashine. Ile tofauti haiendi popote, inageuka joto. Ukimpa 9 anatakiwa kumeza volti 4, anapata jasho lakini anaishi. Ukimpa 12 anameza 7, karibu mara mbili ya mzigo wake, kwa hiyo akizidiwa anajizima mwenyewe, akipoa anarudi kazini. Nikamwonea huruma. Nilimwelewa kuliko ninavyomwelewa shemeji.

Tukapata adapta ya volti 9 dukani kwa jirani. Taa ikakaa. TV ya sebuleni, flati, ikatuonyesha vibuluu na vipande vya kijani vilivyopangwa kama kanga iliyokatwa na mtu mwenye hasira. Hapo mimi nilijua dawa. Nikachomoa kaseti, nikaivuta karibu na mdomo, nikapuliza kwa nguvu zote za utoto wangu.

"Baba," akasema Profesa, bila hata kuinua macho, "Nintendo wenyewe walisema usipulize. Mate yanaozesha shaba."

Ndugu yangu, fikiria. Kizazi kizima tumepuliza kaseti tangu Magomeni mpaka Moscow, tukaamini, tukafundishana, kila mtu na staili yake, wengine kwa pumzi moja kutoka kushoto kwenda kulia kama filimbi. Kumbe kilichokuwa kinasaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka tena, meno ya shaba yanakwaruzana yanapata pa kugusana. Pumzi zetu zilikuwa zinaleta kutu tu. Profesa akasema safisha kwa spiriti na pamba ya masikio.

Spiriti haikuwepo. Ila nilikumbuka kwamba kwenye meza ya kujipambia ya Jaji kuna kichupa chenye kimiminika cheupe chenye harufu kali, dawa ya kutolea rangi ya kucha, na katika akili ya mwanamume saa tatu usiku, kikali ni kikali. Nikasafisha meno ya kaseti. Yakang'aa kweli. Nikaona bora nisafishe na gamba lake, lilikuwa na uchafu wa miaka. Asetoni, msomaji wangu, inayeyusha plastiki ile kama sukari guru kwenye chai. Karatasi ya picha ikateleza ikabaki mkononi, njano ikawa uji, na pale nilipokuwa nimeshika kwa dole gumba, alama ya dole gumba langu ikaingia, ikakauka, ipo mpaka leo, mistari yote inaonekana. Polisi wakija hawana kazi.

Tena kichupa chote kilikuwa kimeisha, na kesho yake Jaji alikuwa na kichen pati ya binti wa shoga yake. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini kucha zangu mimi zinang'aa?

Jumamosi, wakati yeye yuko kwenye sherehe na kucha za rangi mbili, picha ilikaa. Lakini ilikuwa inacheza, mistari myembamba inapanda kutoka chini kwenda juu, na spika inaguna kama mzee aliyeamshwa. Na kitufe cha kurukia kwenye pedi ya kwanza kilikuwa hakisikii. Hicho nilikiweza mwenyewe. Ukifungua pedi, chini ya kila kitufe kuna mpira wenye kipande cheusi cha kaboni, ndicho kinachounganisha njia mbili za umeme unapobonyeza. Kikichakaa, unabonyeza hewa. Zamani tulibandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Safari hii nikachukua penseli ya Sabra ya shule, nikapaka mpaka ukawa mweusi tii. Mario akaruka. Nilisimama sebuleni kwangu, mtu mzima, nikapiga ngumi hewani. Penseli nilirudisha, fupi.

Mistari ikanishinda, nikaenda Kariakoo. Fundi anakaa kwenye kichochoro ambacho ukipishana na mwenye boksi mmoja wenu lazima arudi nyuma. Akaigeuza mashine, akaifungua, akacheka.

"Bosi, humu hamna kitu."

Nikaingiza kichwa. Kweli, ubao mdogo, waya chache, na katikati tone jeusi la gundi iliyokauka, ukubwa wa sarafu. Famicom halisi ina prosesa yake, ina chipu yake ya picha, unaziona, zina majina. Hii yangu yote iko chini ya tone lile, hakuna pa kushika.

"Hili likifa, usiniletee," akasema. "Muite shehe."

Sikukasirika. Hata Nintendo wenyewe kule Japani walifunga dirisha la kutengeneza Famicom mwezi wa kumi mwaka 2007, vipuri vimekwisha. Wenye mali wamenawa mikono, mimi wa Tabata nimeng'ang'ana na nakala yao. Lakini ugonjwa haukuwa kwenye tone. Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi kapasita moja, kimkebe kirefu kama kidonge, kichwa chake kimevimba badala ya kuwa bapa. Akanieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye: unalijua tangi la maji la juu ya mnara? Maji ya bomba yanakuja kwa kukatikakatika, lakini ukifungua koki yako yanatoka sawa, kwa sababu tangi linashika. Kapasita ndilo tangi. Lako limepasuka, kila mkatiko unauona kwenye skrini. Akayeyusha risasi, akang'oa, akaweka nyingine ya mikrofaradi 1000, volti 16. Moshi mwembamba ukapanda ukamwingia jichoni, hakupepesa. Kapasita shilingi mia tano. Ufundi elfu kumi. Nilipolalamika akasema ile mia tano ni ya kapasita, elfu kumi ni ya kujua ni ipi.

Jumapili asubuhi Jaji aliikuta sebuleni, picha imetulia kama maji ya mtungini. Akatazama. Akatazama dole gumba langu kwenye kaseti. Akasema, "Haya." Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini Sabra akaiona bunduki.

Waya wa bunduki panya alikuwa ameutafuna sehemu mbili. Shemeji Fyuzi akauunga, akazungushia gundi ya umeme mpaka ukawa mnene kama mgonjwa wa matende, na nakubali kwamba safari hii aliunga sawasawa. Tukaweka gemu ya bata. Mbwa akanusa, akaruka majanini, bata akapanda. Sabra akafyatua. Hakuna. Shemeji akafyatua akiwa ameugusisha mtutu kwenye kioo. Hakuna. Na kila bata akiponyoka, mbwa yule anainuka kwenye majani, mkono mdomoni, anakucheka.

Profesa akatuacha tuhangaike kwanza, ndivyo alivyo, kisha akatoa mhadhara. Bunduki ile haitoi kitu chochote. Ni jicho. Ukivuta kifyatulio, skrini inazima kuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panatokea kiboksi cheupe, na bunduki inajiuliza tu: nimeona mwanga, sikuona? Masayuki Uemura, injinia aliyeongoza utengenezaji wa Famicom, kabla ya kuhamia Nintendo alikuwa Sharp, akiuza seli za mwanga. Bunduki za mwanga Nintendo walianza nazo zamani, kabla ya gemu za TV. Lakini jicho hili lilizaliwa zama za TV ya chogo, ambayo picha inachorwa mstari kwa mstari, papo kwa papo. Flati inaipokea picha, inaikalia kwanza, inaipamba, ndipo inaonyesha. Kiboksi cheupe kinapofika kwenye kioo, bunduki imeshafumba jicho na kuandika kwamba umekosa.

"Kwa hiyo tunataka chogo," nikasema.

Kimya kikapita. Wote tulijua chogo liko wapi.

Chogo letu la inchi 21 lilistaafu polepole. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, lilianza kuonyesha chenga tupu, tukalinunulia king'amuzi, likaongeza maisha. Ilipokuja flati, Jaji akakataa kuwauzia wa vyuma chakavu, akalifumia kitambaa, akaliweka chumba cha wageni kama meza. Juu yake sasa palikuwa na chupa ya chai ya Brigedia, tasbihi yake, dawa yake ya jicho, na redio yake. Na mimi kwa malezi yangu, chumba cha mama mkwe siingii. Namsalimia mlangoni, "Shikamoo mama," anajibu, "Marahaba baba," kila mmoja anatazama pembeni, mambo yanakwenda.

Nikamtuma Sabra aombe. Alirudi na Brigedia mwenyewe.

"Mnataka TV," akauliza, na hapo nikajua Jaji alikotoa kipaji, "au mnataka kunihamisha chumba?"

"TV tu, mama. Kwa muda."

Akaruhusu. Shemeji Fyuzi akaingia, akavua shati, akalikumbatia chogo. Lile ni kama nusu mfuko wa saruji, uzito wote uko mbele kwenye kioo, na halina pa kushika. Lilinyanyuka kiasi cha vidole vinne. Halafu tukasikia sauti, si ya chogo. Likarudi mahali pake. Shemeji akabaki ameinama vile vile, akatoka chumbani ameinama, akapelekwa kitandani ameinama, na kwa siku nne alikula akiangalia sakafu.

Kama chogo haliendi kwenye gemu, gemu iende kwenye chogo. Wazo hilo lilikuwa la Profesa. Sikuligundua mtego wake mpaka jioni, waliposhaondoa redio na tasbihi, wameshachomeka, watoto wameingia wamefunga mlango, na mimi niliyeiokoa mikononi mwa gari la taka nimesimama kwenye korido nikisikiliza bata wakipiga kwaa kwaa ndani ya chumba nisichoruhusika kuingia.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Redio Mbao, kwa hiyo toa nyongeza mwenyewe. Bibi alikuwa amelala. Akaamshwa na kelele. Akasema hebu nipeni nilijaribu jicho langu. Akafumba la kushoto, akalenga kwa lile jipya, akakosa. Mbwa akainuka akacheka. Bibi akauliza, huyu mbwa anamcheka nani? Wakamwambia. Akampiga mbwa. Mbwa hapigiki. Akampiga tena, mara ya tatu, risasi tatu zikaisha. Profesa, ambaye hana adabu ya kunyamaza, akamweleza kwamba kuna toleo la mashine za sarafu ambalo mbwa anapigika.

"Hiyo inauzwa wapi?" bibi akauliza.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika ratiba. Baada ya alfajiri, badala ya masufuria kufunuliwa, tunasikia milio. Nasri alijaribu kumfundisha ujanja wa kuelekeza bunduki kwenye balbu ya taa. Haukukubali, maana ile nyeusi ya mwanzo ipo kwa ajili ya wajanja: bunduki ikiona mwanga wakati wa giza, inajua umelenga taa. Brigedia alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema alijua tangu mwanzo kuwa mchezo ule una haki, mwovu ni mbwa peke yake.

Jaji aliniita jikoni. "Baba Nasri, mama aliambiwa jicho lipumzike. Nani alimpa bunduki?"

"Sabra," nikasema, Mungu anisamehe.

Sabra alikuwa chini ya meza. "Baba alisema nisiseme," akasema.

Wiki ya pili nilimpeleka Mama kliniki kuangaliwa jicho. Daktari, kijana mpole, akamuuliza anaonaje. Akajibu kwamba anapata wanane kwa kumi, lakini wale wa mwisho wanakwenda kasi. Daktari akanigeukia mimi. Nikasema ni bata. Akaandika kitu kwenye faili, kirefu, na sikuthubutu kuuliza.

Nilidhani nimefika mwisho wa kushindwa. Sijui kwa nini bado nadhani vitu kama hivyo, umri huu. Wiki iliyopita Brigedia alitangaza mezani kwamba bata amewazoea, njia zao anazijua, hawamtishi. Profesa akaweka kijiko chini. Akasema kwenye ule mchezo wa kwanza, wa bata mmoja mmoja, bunduki ikiwa tundu la pili, mtu mwingine akishika pedi ya tundu la kwanza anaweza kumwendesha bata mwenyewe. Bata mwenye akili. Kimya kikapita mezani. Nasri ana mitihani. Sabra mikono midogo, tena analala mapema. Shemeji Fyuzi bado hawezi kuinua kichwa vizuri kutazama juu. Jaji hakuuliza swali lolote, alinitazama tu.

Basi kila usiku baada ya isha mlango wa chumba cha wageni unaachwa wazi nusu. Mimi nakaa nje, kwenye korido, juu ya mkeka, mgongo ukutani, heshima yangu ya mkwe imehifadhiwa. Waya wa pedi unavuka kizingiti na kuishia mikononi mwangu, umevutika mpaka mwisho. Kutoka hapo naona nusu ya kushoto ya skrini, kwa hiyo nikimpeleka bata kulia namwendesha kwa kukisia. Kitufe nilichokipaka penseli hakina kazi kwenye mchezo huu. Mwanzoni nilijitahidi. Nilimpinda, nikamrudisha ghafla, nikamtoa juu kabisa baada ya risasi tatu, na nikaona fahari ya Magomeni ikinirudia. Mbwa akainuka akacheka. Ndani ya chumba kukawa kimya, kisha Mama Mkwe akageuza shingo taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanitazama usoni.

"Baba Nasri," Jaji akaita kutoka jikoni, "usimsumbue mama."

Raundi moja ina bata kumi. Jana nilikuwa nimeshakufa mara tisa. Huyo wa kumi sikumpinda popote, nilimzungusha pale pale katikati, polepole, mpaka risasi ikampata, maana ugali ulikuwa umeshapakuliwa na unapoa.